Kinyozi Hajinyoi, Wewe Utajinyoa: Mwongozo Kamili wa Mashine ya Wembe

Kijana akija kwangu hapa Section 58, Nakuru, kulalamika kwamba mashine ya wembe imemharibu, simwulizi maswali mengi. Namwambia ainue kidevu. Chini ya taya nakuta vipele vimejipanga kama mtama uliomwagika, juu ya koromeo gamba la mkato wa jana, na pembeni madoa meusi yatakayochukua miezi kufifia. Shingo za namna hii nimeziona nyingi, na ya kwanza ilikuwa yangu mwenyewe.

Makosa huwa matatu na hayabadiliki: mtu amekandamiza, amenyoa ndevu ambazo hazijalowa, na amerudia rudia sehemu moja akitafuta ulaini. La tatu ndilo baya kuliko yote. Mawili ya kwanza hutokana na kutojua, hili hutokana na tamaa.

Mashine ninayoisema hapa ni ile ya wembe mmoja wenye makali pande mbili, unaofungwa ndani ya kichwa cha chuma na kubadilishwa ukichoka. Ninachokutakia ni ngozi iliyotulia siku ya tatu baada ya kunyoa. Uso laini kama wa mtoto mchanga unaweza kuja baadaye, na usipokuja, suti itavaliwa vile vile.

## Nani asianze leo

Ikiwa shingo yako sasa hivi ina vipele vinavyouma au vyenye usaha, ngoja. Acha ndevu ziote kwa wiki 4 hivi. Nywele zetu hukua zikijikunja, na ncha iliyokatwa karibu sana na ngozi hujipinda ikachoma na kuingia tena ndani. Hicho ndicho kipele. Ukiiacha irefuke, nyingi hujichomoa zenyewe. Kama kazini hawataki ndevu, mwambie kinyozi azipunguze kwa mashine ya umeme bila kufika kwenye ngozi.

Mwenye makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aanzie kwa daktari kwanza. Hapo mimi sina la kumfundisha.

## Vitu vya kuandaa

Mashine yenyewe. Tafuta ya chuma, ya vipande vitatu: kifuniko cha juu, bamba la chini na mpini. Ukingo wa bamba uwe umenyooka. Ile yenye meno kama kitana iache mpaka mkono ukomae. Uzito wa gramu 60 hadi 100 unafaa, kwa sababu uzito wa mashine ndio utakaofanya kazi badala ya mkono wako. Zile nyepesi za plastiki humshawishi mtu akandamize.

Ukipenda za zamani, Jumapili pale Kibuye, Kisumu, hazikosi kujitokeza katikati ya vijiko na makufuli makuukuu. Angalia kama bamba limepinda: ukifunga wembe na upande mmoja ukachungulia kuliko mwingine hata baada ya kufunga upya, rudisha. Ukiinunua, isugue kwa mswaki na sabuni, kisha iloweke kwenye spiriti kabla haijaugusa uso wako.

Nyembe. Watu husema "wembe ni ule ule". Kwenye siasa sijui, lakini usoni si kweli. Kuna za chuma cha kawaida zinazoshika kutu usiku mmoja, na kuna za chuma kisichoshika kutu. Nunua hizi za pili. Hata hizo hutofautiana kwa ukali, na ndevu ngumu huzipokea tofauti. Chukua pakiti ndogo za aina mbili au tatu. Wembe mmoja bei yake ni kama ya andazi, kwa hiyo jaribio halitakufilisi. Feather za Japani zinasifika kwa ukali. Zisiwe za kuanzia.

Onyo la nyumbani: wembe uliofumulia nywele au kukatia kucha usirudi usoni. Weka zako mahali pako.

Sabuni na brashi. Sabuni ya kunyolea ya kipande au krimu ya tyubu, zote ni sawa. Sabuni ya kufulia hapana. Inakausha ngozi na povu lake halina utelezi. Brashi ya manyoya ya bandia inatosha na hukauka upesi.

Mengine. Maji moto kwenye thamosi, beseni mbili ndogo, taulo safi, kioo, shabu, na mafuta ya kujipaka yasiyo na manukato makali. Shabu ni lile jiwe jeupe linalopitisha mwanga, ambalo wazee walilizungusha kwenye maji ya tope ili yatulie. Utalipata kwenye maduka ya viungo.

Beseni mbili nazitaja kwa sababu bomba halitoki kila siku, na maji yanayotiririka si lazima. Moja ni ya maji safi ya uso, nyingine ya kusuuzia mashine. Usizichanganye.

## Hatua ya 1: Chora ramani ya uso wako

Hatua hii watu huiruka, halafu wanalaumu wembe.

Acha ndevu za siku mbili. Pitisha ncha za vidole shavuni kutoka juu kwenda chini, halafu chini kwenda juu, halafu kwa pembeni. Upande ambao kidole kinateleza ndio upande ndevu zinakoelekea. Upande unaokwaruza ni kinyume.

Mashavuni karibu kila mtu ndevu zinaelekea chini. Shingoni ndiko kwenye vituko. Kwa wengi, sehemu ya chini ya shingo ndevu huota kuelekea juu au kulalia pembeni kuelekea sikio, na wengine ndevu zao huota kwa kuzunguka kama nywele za utosini. Mimi upande wangu wa kushoto unaelekea sikioni na wa kulia unapanda juu. Kwa miaka niliinyoa yote kutoka juu kwenda chini. Nilikuwa nadhani nafuata ndevu, kumbe nusu ya shingo nilikuwa naenda kinyume.

Chora uso kwenye karatasi, weka mishale, ibandike kando ya kioo. Ukiweza kusema bila kuangalia karatasi ndevu za chini ya sikio la kushoto zinaelekea wapi, hatua hii umeimaliza.

## Hatua ya 2: Funga wembe

Mashine iwe kavu na mikono iwe kavu. Weka kifuniko mkononi, uso wake wa juu ukilalia kiganja. Shika wembe kwa ncha zake fupi mbili, zile zisizo na makali, uulaze juu ya vijiti vya kifuniko. Funika kwa bamba la chini, halafu zungusha mpini huku umebana kichwa kwa ncha zile zile fupi.

Kaza mpaka mwisho. Kuna anayelegeza kidogo akidhani ndiyo njia ya kupunguza ukali. Wembe uliolegea hutetemeka, na wembe unaotetemeka ndio unaokata.

Inua mashine mbele ya mwanga uitazame kwa mbele. Makali yachungulie sawa pande zote mbili. Yasipokuwa sawa, fungua ufunge tena. Wembe ukikuanguka, usiudake. Uache uanguke.

## Hatua ya 3: Lowesha, na ungoje

"Ukiona cha mwenzako chanyolewa, tia chako maji." Msemo huu tunautumia kwa mambo ya maisha, lakini aliyeutunga alijua kazi ya wembe. Hakusema paka sabuni. Alisema tia maji.

Udevu mkavu ni mgumu mno kwa unene wake. Ukinyonya maji huvimba na kulainika, na wembe huhitaji nguvu ndogo sana kuukata. Ila haulowi papo hapo. Unahitaji dakika 2 au 3 za maji ya uvuguvugu. Wakati mzuri ni mara tu baada ya kuoga. Kama huogi wakati huo, chovya taulo kwenye maji moto, likamue, lifunike usoni, na ulichovye tena likipoa. Asubuhi za Julai hapa Nakuru taulo hupoa kabla hujamaliza kusema shikamoo, kwa hiyo thamosi iwe karibu.

Ndevu zikizidi siku nne, zipunguze kwanza kwa mashine ya umeme. Ndevu ndefu huziba nafasi kati ya wembe na ukingo, na mashine iliyoziba huanza kuvuta.

Usitumie maji yanayochoma. Ngozi iliyovimba kwa joto hukatika upesi.

## Hatua ya 4: Pata povu linalofaa

Chovya brashi, ikung'ute mara mbili ili isidondoke, uizungushe juu ya sabuni kwa sekunde 30 hivi. Kisha izungushe usoni. Usoni pale pale ndipo povu linapotengenezwa, na brashi inaposugua huinua ndevu zilizolala. Ongeza maji kwa matone machache, ukizungusha, mpaka litulie.

Povu zuri linafanana na maziwa lala mazito: halina mapovu makubwa, linang'aa kidogo, na ukilibana kati ya vidole viwili vinateleza. Likiwa jeupe pee na jepesi kama la kufulia, lina hewa nyingi na maji machache. Likichuruzika kuelekea kifuani, maji yamezidi. Rudi kwenye sabuni.

Walio Kisumu wana shida yao: joto, na feni juu ya kichwa. Povu hukauka kabla hujafika upande wa pili. Zima feni, paka upande mmoja kwanza, unyoe, ndipo upake mwingine. Na kama maji yako ni ya kisima na sabuni inakataa kabisa kutoa povu, weka kando lita moja ya maji ya mvua kwa kazi hii tu.

## Hatua ya 5: Pembe na uzito

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapojikata.

Mpwa wangu alikuja kutoka Kondele, Kisumu, na vipande vitatu vya tishu vimegandia usoni. "Mjomba, hii mashine uliyonipa ni ya kuchinja," akaniambia. Nikamwambia anionyeshe anavyoishika. Akaikamata kwa ngumi, vidole vyote vimezunguka mpini, kiwiko kimeinuka, kama mtu aliyepewa ekari ya mahindi apalilie kabla ya mvua. Mashine haikuwa na kosa lolote.

Chanzo ni mazoea. Zile za plastiki zenye nyembe kadhaa zina kichwa kinachojipinda chenyewe kufuata uso, na zinavumilia kukandamizwa. Hii kichwa chake hakijipindi. Pembe unaitafuta wewe, na uzito unaushikilia wewe.

Kushika. Shika mpini kwa kidole gumba na vidole viwili, karibu na mwisho wake wa chini. Kidole cha mwisho kikalie kitako cha mpini. Ukishika hivyo huwezi kukandamiza hata ukitaka, kwa sababu nguvu haifiki kwenye kichwa.

Kutafuta pembe. Laza kichwa cha mashine shavuni, kifuniko kikigusa ngozi, mpini ukiwa umenyooka kuelekea mbele yako kama kigingi cha kutundikia koti. Hapo wembe haugusi kitu. Sasa shusha mpini taratibu huku ukivuta kidogo kidogo kuelekea chini. Utafika mahali utasikia sauti ndogo ya kukwaruza, kama ya mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria ya jirani. Simama hapo. Hiyo ndiyo pembe yako, na wembe umelalia ngozi kwa takriban digrii 30.

Ukishusha mpini zaidi, wembe unasimama na kuanza kuparua ngozi. Ukiuinua, unateleza bila kukata. Kwa hiyo sikiliza. Sauti hukuambia mapema kuliko kioo.

Uzito. Ufanye mkono wako uwe wa kuongoza tu, mashine ijibebe yenyewe. Fikiria unafuta povu juu ya yai bichi. Ukiona alama nyeupe ya njia uliyopita kwenye ngozi, au ngozi ikijikunja mbele ya mashine, umekandamiza.

Zoezi la siku tatu. Kabla ya kuweka wembe, funga mashine bila wembe, paka povu, unyoe uso mzima. Utajiona mjinga. Fanya hivyo hivyo siku tatu. Mkono utazoea kugeuka kwenye taya na kuinama chini ya kidevu bila gharama ya damu. Mpwa wangu alikataa siku ya kwanza, akakubali ya pili.

Makatazo mawili ambayo hayana mjadala. Usisogeze mashine kwa pembeni, kufuata urefu wa makali, hata kwa milimita. Ndivyo kisu kinavyokata nyama. Na stima ikipotea katikati ya kazi, weka mashine chini, uoshe uso. Tochi ya simu hutupa vivuli mahali usipovitarajia.

## Hatua ya 6: Raundi ya kwanza, na labda ya pekee

Wiki ya kwanza, nyoa mashavu tu kwa mashine hii. Sehemu nyingine malizia kwa ulichozoea. Shavu ni tambarare na linasamehe. Wiki ya pili ongeza shingo. Wiki ya tatu kidevu na masharubu. Wanaotaka kufanya vyote siku ya kwanza ndio wanaorudi kwangu na tishu.

Kila unapopitisha, urefu usizidi sentimita 2 au 3. Inua, rudi juu, pitisha tena ukipandia kidogo ulipoishia. Upande mmoja wa wembe ukijaa povu, geuza utumie wa pili, kisha suuza kwa kuichezesha mashine ndani ya beseni. Usiigongegonge kwenye ukingo wa beseni. Unalegeza mpini na kuharibu makali.

*Mashavu.* Anzia kwenye sharafa, shuka. Ngozi itulizwe kwa vidole viwili juu ya sikio. Nimesema itulizwe; sijasema ivutwe. Wenye nywele zilizonyooka hufundishwa kuvuta ngozi mpaka ikaze. Kwetu ni hatari, kwa sababu udevu uliokatwa ngozi ikiwa imevutwa hurudi chini ya usawa wa ngozi ukiiachia, na huko ndiko unakopotelea ndani na kuzaa kipele.

*Taya.* Mfupa unapogeuka, mpini nao ugeuke. Chukua hatua za sentimita moja moja. Njia rahisi ni kufungua mdomo kidogo, ili ngozi ya juu ya mfupa ipande shavuni ambako ni tambarare.

*Shingo.* Angalia ramani yako. Fuata mishale hata ikikulazimu kunyoa kuelekea juu upande mmoja na kuelekea sikio upande mwingine. Ukifika kwenye koromeo, meza mate na ushikilie, au lisogeze kando kwa kidole, unyoe pale palipolainika. Ukilipitia moja kwa moja kama tuta la barabarani, litakukata.

*Kidevu na masharubu* viwe vya mwisho. Ndevu za hapo ni ngumu kuliko zote, na kadiri zinavyokaa na povu ndivyo zinavyolainika. Kwa masharubu, vuta mdomo wa juu uufunike juu ya meno. Chini ya pua inua ncha ya pua kwa kidole. Kuhusu kuvuta ngozi, pale juu ya mdomo naruhusu, maana hakuna njia nyingine.

Ukimaliza raundi hii, uso utakuwa safi kwa macho, lakini ukipitisha kidole kinyume utahisi vijinywele. Hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri.

## Hatua ya 7: Amua kama unarudia

Suuza uso kwa maji, uguse ngozi. Je, kuna panapochoma? Kuna vitone vya damu? Ikiwa jibu ni ndiyo kwa lolote, umemaliza leo.

Ikiwa ngozi imetulia, na umeshanyoa hivi kwa wiki mbili bila kipele kipya, unaweza kupaka povu upya na kupita raundi ya pili kwa kukingama, yaani kutoka sikioni kuelekea puani, ukivuka njia ya ndevu. Povu upya ni lazima. Kupitisha wembe mahali pasipo na povu ni kukwangua ngozi.

Kwenda kinyume kabisa cha ndevu, mimi mwenye ndevu za kipilipili nimeacha. Naweza, nimefanya, na kila mara siku ya tatu shingo ilinidai. Rafiki yangu ambaye ndevu zake zimenyooka hufanya kila asubuhi bila shida. Ramani yake si yangu.

## Hatua ya 8: Kumaliza

Suuza kwa maji baridi. Lowesha shabu, ipitishe usoni kote kwa wepesi, ngoja dakika moja, suuza. Shabu hufunga vijikato na pia ni mwalimu: mahali panapochoma ndipo ulipokandamiza. Kariri pale. Mimi wiki za mwanzo nilikuwa nachomwa upande wa kulia chini ya taya kila siku, mpaka nikagundua kwamba nilikuwa nabadilisha mshiko nikifika hapo.

Mkato unaotoka damu, ubane kwa tishu safi dakika chache bila kuchungulia, kisha gusisha shabu.

Kuhusu spiriti. Vinyozi wengi hupaka, na tumekua tukiamini kwamba kisipowasha hakiponyi. Spiriti hukausha ngozi na kuiwasha zaidi baada ya wembe. Iache kwa kusafishia mashine. Usoni paka mafuta mepesi yasiyo na manukato, au utomvu wa mshubiri kama unao nyuma ya nyumba.

Nyoa baada ya siku mbili au tatu, ngozi ikiwa imepumzika.

## Ukikwama

Wembe unavuta. Ndevu hazijalowa, au wembe umechoka. Kwa ndevu ngumu mara 3 hadi 5 zinatosha. Ukivuta kwenye pito la kwanza tu la wembe mpya, badilisha aina.

Hakuna mkato lakini ngozi inawaka moto. Umerudia sehemu moja bila povu, au mpini umeushusha mno.

Kuna mabaka ambayo hayanyoleki. Rudi kwenye ramani, hasa shingoni. Mara nyingi umekata ndevu kwa mwelekeo usio wake.

Vipele vinatokea siku ya pili au ya tatu. Unakata karibu mno. Baki raundi moja, ngozi isivutwe. Udevu unaoonekana umejikunja chini ya ngozi, uinue ncha yake kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, uuache nje. Usiung'oe kwa kibano, maana unaoota badala yake huanzia ndani zaidi. Vikizidi au vikitoa usaha, nenda ukaonwe.

Ndugu anaomba kuazima. Mpe wembe mpya na mashine yake. Damu kidogo usiyoiona huweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B na VVU, na shabu nayo haiazimwi.

## Hatua ya 9: Kutunza na kutupa

Ukimaliza, legeza mpini nusu mzunguko, suuza, kung'uta, kaza tena, isimamishe mahali penye hewa. Bafuni hapafai, hasa kwa walio karibu na ziwa ambako unyevu hauishi. Makali usiyafute kwa taulo. Unaharibu wembe na taulo. Mara moja kwa wiki fungua kichwa ukisugue kwa mswaki wa zamani na sabuni.

Wembe uliochoka usiutupe wazi kwenye mfuko wa taka. Mifuko hiyo huishia kwenye jalala la Gioto, na kuna watu wanaoichambua kwa mikono mitupu. Kabla ya hapo huenda mtoto wa jirani akawa ameshaifungua. Chukua kopo la bati lenye kifuniko, toboa mwanya mwembamba juu kwa ncha ya kisu, zungushia utepe wa gundi kifunikoni ili kisifunguke, na kila wembe uingie humo. Likijaa, ziba mwanya kwa utepe, liandikie NYEMBE kwa kalamu nzito, na umkabidhi mzoa taka mkononi ukimwambia kilichomo.

Kopo la siagi linatosha kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Wembe mmoja una unene wa milimita 0.1, kwa hiyo ukitumia mmoja kila wiki, nyembe 52 za mwaka mzima zikipangwa zinafika milimita 5 hivi. Langu nililitoboa wakati kifungua mimba wangu anaingia darasa la kwanza. Sasa yuko sekondari, ameanza kuchungulia kidevu chake kwenye kioo changu, na kopo bado linalia likitikiswa.